Kabla ya Vigae, Tazama Miti Inayobeba Paa



Tangu kambi za kandokando ya Goma zilipoondolewa Februari 2025, wengi wetu tumerudi vijijini Masisi na Walikale. Mama anakuta kuta zimesimama, lakini manjanja yameng'olewa. Anatandika shitingi, anaipigilia misumari, na mvua mbili tatu zikipita watoto wanahamia pembe moja kavu. Ndiyo maana katika vikundi swali ni hili: tukipata feza, turudishe manjanja au tuweke vigae vya saruji?

Vigae vina sifa za kweli. Jua halichomi ndani kama chini ya manjanja, na mvua ikinyesha bado mnasikilizana. Havili kutu. Kwetu hilo si jambo dogo, maana mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira inakula manjanja upesi, hasa yale mepesi. Mama akinunua akumbuke: namba ya BG ikiwa kubwa, janjanja ni jembamba. BG 32 ni jembamba kuliko BG 28.

Wenzetu wa Kenya walianza kutengeneza vigae hivi miaka ya 1980. Mwanzoni walichanganya saruji, mchanga na nyuzi za katani. Ikaonekana kwamba nyuzi zinaoza ndani ya saruji na kigae kinakuwa chepesi kuvunjika. Wakaziacha. Siku hizi ni fungu moja la saruji kwa mafungu matatu ya mchanga safi. Udongo huo unatikiswa juu ya meza ya mashine ili ushikamane, halafu unalazwa juu ya kalibu. Kesho yake kigae kinatolewa, kinatunzwa katika unyevu kwa wiki moja, kisha kinakaa kivulini. Kisipande juu ya nyumba kabla ya wiki tatu au nne kupita. Fundi anayekuuzia kigae cha juzi anakuuzia ufa.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Nyumba ya mita 6 kwa 5, ikiwa na upenu wa nusu mita kila upande, paa lake ni karibu mita 48 za mraba. Kila mita ya mraba inataka vigae 12 au 13, na kila kigae kinapita kilo 2. Hivyo ni vigae 600, na uzito unaopita kilo 1,200. Manjanja ya paa hilohilo hayafiki kilo 200. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Sisi tuongeze: wala si paa. Ni ile miti iliyo chini yake.

Fito zilizobeba nyasi au majani ya porini hazibebi vigae. Hata mikaratusi iliyobeba manjanja inaweza kupinda, na paa likianguka linaangukia watoto waliolala. Fundi akisema "tutaweka tu juu ya ile ya zamani", mwambie apande, achome kila mti kwa kisu. Kisu kikizama, mti umeoza au umeliwa na mchwa. Mteremko nao uwe mkali: kutoka ukutani kuelekea katikati, kila mita 1 paa lipande karibu sentimita 60. Likilala, maji yanarudi kati ya vigae.

Tukumbuke na barabara. Kubeba vigae 600 kutoka Goma hadi Walikale ni kuleta vipande. Afazali kikundi kikodi mashine, kibebe mifuko kama sita ya saruji kwa nyumba ya namna hiyo, na mchanga utoke mtoni, uoshwe. Kabla ya kulipa, jaribuni kigae: kigongeni, kilie wazi kama sahani nzima. Kiwekeeni maji juu usiku mmoja. Chini kinaweza kuwa na unyevu, lakini tone lisianguke.

Na sasa neno gumu. Manjanja mama anaweza kuyang'oa, akayabeba au akayauza siku ya kukimbia. Vigae havibebeki. Kwa hiyo mwenye kiwanja chenye ugomvi, au asiyejua kama atalala hapo mwaka ujao, asione aibu kuchagua manjanja mazito. Si umaskini, ni akili. Vigae ni vya yule ambaye kiwanja chake kina karatasi, na jina lake limo.

La mwisho ni afya. Nyumba za zamani za wakati wa ukoloni zinaweza kuwa na paa la eterniti lenye asbesto. Msilivunje, msilikate kwa msumeno, na watoto wasichezee vipande. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa miaka mingi baadaye.

Wiki hii, kabla ya likelemba kugawa feza za paa, kila mama apime nyumba yake kwa kamba na kuchoma miti yake kwa kisu. Alete namba hizo katika mkutano. Mwenye miti mibovu apewe kwanza feza ya miti. Paa litafuata.