Pilipili si mtihani: acha kushindana nayo, ionje kwanza

Hebu niambie ukweli, msomaji. Mara ya mwisho ulipokula pilipili kali kabisa, ile iliyokutoa machozi na kamasi mbele ya mabeshte zako, ilikuwa na ladha gani? Usiniambie ilikuwa kali. Nimeuliza ladha. Ilikuwa chachu? Ilinukia kitunguu saumu? Ilikuwa na utamu wa embe kwa mbali?

Kama huna jibu, tuko wawili. Mimi pia niliulizwa swali hilo na nikabaki kucheka tu.

Ilikuwa Ijumaa jioni mtaani Umoja, Nairobi, kwenye toroli ya mama mmoja tunayemwita Mathe. Anauza mayai pasua, smokie na smocha. Tulikuwa wasee watano, mmoja ametoka kulipwa, na kama kawaida mzaha ukageuka kamari: atakayemaliza mayai mawili yaliyojazwa pilipili nyekundu bila kugusa maji, halipi. Simu zikatolewa, mtu akaanza kurekodi. Nilishinda. Nilikula mayai mawili ya bure, kisha nikaketi kando ya mtaro dakika ishirini nikiwa sioni vizuri. Usiku huo tumbo liliniendesha mpaka alfajiri.

Kesho yake nilipopita hapo Mathe aliniita. "Kijana wangu, jana nilikuonea huruma. Lakini niambie, ile pilipili ilikuwa tamu?"

Nilipokosa jibu, akanieleza jambo ambalo halijanitoka akilini. Zamani, anasema, pilipili yake alikuwa akiitengeneza nyumbani kwa nyanya, dhania, ndimu na kitunguu saumu, na wikendi aliongeza ukwaju. Siku hizi ameacha. Kwa nini? "Nyinyi vijana mkija hamuulizi kama ni tamu. Mnauliza, 'Mathe, iko kali?' Sasa nihangaike na ukwaju wa nini? Nakoroga unga wa pilipili, maji, siki na chumvi, na mnafurahi."

Sikumlaumu Mathe. Nilijilaumu mimi. Sosi ile mbaya tuliiagiza wenyewe.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulijui: kuwasha si ladha. Ulimi hutambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Kuwasha hakumo. Kinachowasha ndani ya pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini, nayo huamsha neva zile zile zinazokuambia chai ni ya moto mno. Mwanasayansi Mmarekani David Julius ndiye aliyeongoza ugunduzi wa sehemu ya neva inayopokea kapsaisini, na mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa ufupi, mwili wako unadhani unaungua. Kwa hivyo anayejigamba kwa kula pilipili kali kuliko wenzake anajigamba kwa kuvumilia maumivu. Sawa, uvumilivu ni kitu. Lakini asituambie ni mjuzi wa chakula.

Na zile namba tunazosomeana mtandaoni je? Mwaka 1912, mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alibuni njia ya kupima ukali. Alichukua pilipili iliyokamuliwa, akaichanganya na maji ya sukari, akaendelea kuyaongeza mpaka waonjaji wake wakaacha kusikia kuwasha. Kadiri ulivyohitaji maji mengi, ndivyo namba ilivyopanda. Pilipili kichaa, zile ndogo ndogo, kwa kawaida huwa kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili iitwayo Pepper X, iliyoingia katika rekodi za Guinness mwaka 2023, ina wastani wa karibu milioni 2.7.

Namba kubwa, kweli. Lakini angalia kinachopimwa: kiasi cha maji kinachohitajika kuuondoa moto. Hakuna mahali inapokuambia kama pilipili hiyo inanukia au imekaa vizuri na chumvi. Kuchagua sosi kwa namba hiyo ni kama kuusifu wimbo kwa sababu spika za matatu zilitikisa madirisha.

Linganisha na Tabasco, sosi ya Marekani inayouzwa tangu 1868. Ukali wake ni wa kati ya 2,500 na 5,000 tu, yaani pilipili kichaa inaicheka. Ina pilipili, chumvi na siki, basi. Lakini pilipili yake iliyosagwa hukaa kwenye mapipa ya mbao hadi miaka mitatu kabla ya kutiwa siki. Muda wote huo hawaungoji moto uongezeke. Wanangoja ladha.

Na huna haja ya kwenda Marekani kujifunza hili. Panda treni uende Mombasa. Shangazi yangu anauza viazi karai na bajia nje ya nyumba yake Kisauni, na foleni yake jioni haiji kwa sababu ya viazi. Inakuja kwa sababu ya bakuli la pilipili ya ukwaju. Huloweka ukwaju kwenye maji ya uvuguvugu, akaukamua na kuuchuja, kisha akauchemsha na kitunguu saumu kilichopondwa, bizari nzima, chumvi, sukari kidogo na pilipili mbuzi moja au mbili, mpaka uanze kuwa mzito. Ukichovya kiazi, uchachu ndio hutangulia, utamu hufuata, harufu ya bizari hupanda puani, na kuwasha hufika mwisho kama mgeni aliyebisha hodi kwa adabu. Unatamani kiazi cha pili. Siku moja nilimwambia aongeze moto kidogo, akanijibu: "Mwanangu, mimi nauza viazi, siuzi moto."

Pwani wanazo njia nyingi za namna hiyo. Kuna muhogo wa kuchoma unaopakwa pilipili na ndimu pale Lighthouse, embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na achari ya ndimu inayokaa juani siku kadhaa. Wapishi wengine hutumbukiza pilipili mbuzi nzima ndani ya mchuzi wa nazi, na ole wako uipasue! Wanataka harufu yake iingie kwenye tui, na moto ubaki ndani ya ganda. Pilipili mbuzi ina harufu ya tunda, karibu na embe, ila wengi wetu hatujawahi kuisikia kwa sababu huwa tunalia.

Hapa Nairobi nenda Eastleigh uagize wali na nyama, wakuletee na bisbaas, ile sosi ya kijani ya Wasomali yenye pilipili, dhania, kitunguu saumu na ndimu. Inawasha, tena vizuri. Lakini ukiitoa mezani wali unapooza. Hiyo ndiyo kazi ya pilipili: kukifanya chakula kilicho karibu nayo kiwe kitamu zaidi.

Najua kuna anayesoma hapa na methali tayari mdomoni: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kama napenda yangu ikiwa moto wa kuua, wewe inakuhusu nini?

Swali zuri, na jibu langu ni hili: tunakula kutoka chupa moja. Kwenye toroli ya Mathe hakuna chupa yako na chupa yangu. Kuna ile moja yenye tundu kwenye kifuniko. Sisi watano tulipoigeuza kuwa ulingo wa ndondi, mlinzi wa ghorofa la jirani aliyezoea kupata yai lake na pilipili ya ukwaju akaanza kula bila chochote. Watoto wa shule wanaopita jioni vilevile. Mathe mwenyewe aliacha kutengeneza kitu alichokuwa akikionea fahari. Hiyo ndiyo inayoniwasha.

Halafu kuna upande wa hatari, ambao hatuupendi kwa sababu unaharibu video. Mwaka 2023, kijana wa miaka 14 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alifariki baada ya kula chipsi moja yenye pilipili kali kupindukia, iliyouzwa kwa ajili ya shindano la mtandaoni. Uchunguzi ulionyesha moyo wake ulisimama baada ya kula kiasi kikubwa cha kapsaisini, na pia kwamba alikuwa na tatizo la moyo. Watengenezaji waliiondoa chipsi hiyo madukani. Sisemi utakufa kwa yai pasua la Umoja. Nasema hakuna kati yetu anayejua moyo wa beshte wake ukoje wakati anamshangilia "maliza! maliza!" huku akirekodi.

Wala sitakutisha kwa uongo. Watu husema pilipili huleta vidonda vya tumbo. Madaktari walishaeleza kwamba visababishi vikubwa ni bakteria aitwaye H. pylori na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Pilipili inaweza kukuongezea maumivu kama tayari una shida, lakini usiitwike dhambi isiyo yake. Na kama umezoea ukali tangu utotoni na unaufurahia, kula kwa amani. Mwili huzoea, kwa hivyo kilicho kikali kwangu kinaweza kuwa cha kawaida kwako. Ugomvi wangu si na moto. Ni na moto usio na kitu kingine nyuma yake.

Sasa tufanyeje? Wikendi hii jaribu mambo matatu.

La kwanza, onja pilipili peke yake kabla ya kuimwaga. Tone moja kwenye ncha ya kijiko. Nusa kwanza. Kama unachosikia ni siki na kuwasha tu, ujue umeuziwa moto mtupu. Kama unasikia nyanya, tunda, kitunguu saumu au ukwaju, umepata sosi.

La pili, tengeneza yako. Huhitaji jiko la kifahari. Choma nyanya tatu, kitunguu kimoja na punje nne za kitunguu saumu kwenye kikaango mpaka ngozi iwe na madoa meusi. Chukua pilipili mbuzi moja, ipasue na uondoe ule utando mweupe wa ndani, kwa maana kapsaisini nyingi imo humo na wala si kwenye mbegu kama tunavyoambiwa. Ponda vyote pamoja, tia chumvi, kamulia ndimu, maliza na dhania. Kama hakijafika unapotaka, rudisha utando kidogo kidogo. Hapo wewe ndiwe unayeiamuru pilipili. Na tafadhali, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Hilo nilijifunza kwa njia mbaya.

Ukizidiwa, usikimbilie maji, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji na utaisambaza tu mdomoni. Kunywa maziwa au mala. Protini ya maziwa huibandua.

La tatu, na ndilo kubwa: badilisha swali. Ukifika kwa muuzaji wako usiulize, "iko kali?" Uliza, "umeitengeneza na nini?" Akikutajia vitu vitano kwa fahari, umefika. Akisitasita, mwambie ungependa siku moja atie ndimu au dhania. Muuzaji wa barabarani husikiliza mteja kuliko kampuni yoyote kubwa, maana asipomsikiliza leo, kesho hali.

Mimi nilirudi kwa Mathe Jumatatu iliyofuata. Nilimwambia kama atatengeneza ile ya ukwaju nitanunua, na nitawaleta wenzangu. Akanitazama kama mtu anayepima uongo. "Ukwaju una gharama, kijana wangu. Nikiutia, yai litapanda shilingi tano." Nikamwambia sawa. Wawili kati ya wale watano wamekubali pia. Wengine wawili bado wanasema mimi nimeogopa, na kwamba nikishindwa nijifiche nyuma ya ukwaju.

Ijumaa iliyopita nilizikuta chupa mbili kwenye toroli. Moja ni ile nyekundu ya zamani. Nyingine ni ya kahawia, nzito, na mlinzi wa ghorofa alikuwa ameishika akiigonga chini ili imalizikie kwenye yai lake. Nilipofika ilikuwa imeisha.

Mathe akacheka. "Kesho uje mapema."