Udongo wa Rubaya unasema, nani atasimamisha kazi?

Tarehe 28 mwezi wa kwanza 2026, katika majira ya mvua, kariere ya koltani ya Rubaya ilibomoka. Watawala wa AFC/M23, wanaoshikilia eneo tangu mwezi wa nne 2024, walisema wafu walipita 200: wachimbaji, watoto na wanawake wa soko. Msemaji wao alieleza kwamba wakati wa mvua udongo unakuwa dhaifu. Sisi wa kazi ya mgodi tulijua hiyo zamani. Swali letu ni hili: nani alikuwa anausikiliza?

Juu njia ya kuusikiliza iko. Ile fibra ya kioo inayoleta intaneti, ukiingiza mwanga wa leza upande mmoja, kila mtikisiko unaovuta uzi hata kidogo sana unabadilisha mwanga unaorudi. Uzi mmoja unakuwa kama masikio elfu. Kwenye bahari ya Ubelgiji, karibu na Zeebrugge, watafiti walitumia fibra ya karibu kilomita 42 iliyowekwa pamoja na waya wa umeme wa upepo. Matokeo yalitoka 2019. Huko mawimbi yenyewe yanatikisa sakafu ya bahari. Mtikisiko unaenda polepole ndani ya tope laini, mbio ndani ya mwamba. Hapo fundi anaweza kujua pa kusimika mnara na pa kuepuka.

Basi wenzetu wanapima tope kabla ya kusimika chuma. Kwetu, vilima vinavyotoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia vinapimwa kwa macho tu, na watu wako ndani.

Lakini tusidanganyane. Mchimbaji mzee akiona ufa juu ya shimo, anajua. Kinachokosa si masikio peke yake. Anayelipwa kwa kilo, akitoka shimoni mapema, jioni watoto hawali. Mashine ikilia na hakuna mwenye haki ya kufunga kazi, inalia bure.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu kwa yeyote anayekusanya kodi ku vilima hivi, leo na kesho. Mvua kali ikinyesha, kazi isimame. Wachimbaji wachague wenyewe wakaguzi wenye haki ya kutoa watu shimoni. Na siku hizo za kusimama zilipwe kutoka kodi hiyo hiyo.

Kiisha hapo, fibra ije. Mtaro wake tutauchimba sisi wenyewe.