Babu Alizaliwa Wapi?

Mwezi huu tuzungumze habari ya uraia wa watoto wetu. Najua wengi mtasema, "Hayo ni mambo ya wanaume na maofisa." La hasha! Fomu za mtoto zinapofika nyumbani, anayeulizwa ni mama. Mtoto akiomba kitambulisho cha taifa, au pasipoti, au mkopo wa kusoma chuo kikuu, hurudi jikoni na kuuliza: "Mama, bibi alizaliwa wapi? Na babu je? Mna karatasi yoyote?"

Kwa familia zinazoishi katikati ya nchi swali hilo huenda likawa jepesi. Kwetu sisi wa Kyela na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa si jepesi hata kidogo. Kuanzia Kasumulu, Katumba Songwe na Ngonga mpaka Matema, nyumba nyingi zina shangazi, bibi au mjomba ng'ambo ya mto. Wanyakyusa wa upande wetu na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa tangu zamani. Lugha zao zinasikilizana, na waliolewana kabla ya mzungu yeyote kuchora mpaka. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipopatana huko Ulaya, Mto Songwe ukafanywa mpaka. Ndugu wakalala ndugu, wakaamka wa himaya mbili.

Tena mto wenyewe hautulii. Kila mwanamke anayelima mpunga karibu na Songwe anajua kwamba mafuriko makubwa yakija, mto unaweza kuacha njia yake na kupita pengine. Shamba lililokuwa upande huu mwaka jana, mwaka huu liko upande ule. Ndiyo maana serikali za Tanzania na Malawi zimeunda mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na mojawapo ya makusudi yake ni kuutuliza mto huo.

Juu ya hayo, wazee wetu walisafiri. Vijana wa hapa walikwenda na WENELA kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na wengine wakaenda migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Watu wa Nyasaland nao walikuja Tanganyika, wengine wakiwa makarani na walimu, wengine wakifuata dhahabu ya Lupa kule Chunya. Wapo waliooa walikokwenda na kuzaa huko. Basi mtoto wa leo anaweza kuwa na babu aliyezaliwa Mwaya, bibi aliyezaliwa Karonga, na baba aliyezaliwa kambini mgodini.

Je, mtoto wa namna hiyo ni raia wa wapi?

Sheria inasema nini?

Tuanze na wazee. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyekuwa amezaliwa nchini aliingia katika uraia siku hiyo iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Hapo ndipo babu anapoingia. Kama baba yako alizaliwa Ipinda mwaka 1955, haitoshi kusema alizaliwa Ipinda. Itaulizwa pia kama baba yake au mama yake alizaliwa upande huu wa mto. Basi ofisa anayekuuliza habari za babu hakuchokozi. Anatafuta mizizi ya uraia wako.

Sasa tuje kwa vijana. Sheria ya Uraia inayotumika ni ile ya mwaka 1995. Mtoto aliyezaliwa nje ya Tanzania ni raia kwa kurithi ikiwa siku alipozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia wa Tanzania. Mama, angalia neno hilo: au mama yake. Katika sheria ya zamani ya mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa nje alirithi kwa baba peke yake. Leo mwanamke Mtanzania aliyeolewa Karonga, Lusaka au London humrithisha mtoto wake uraia sawasawa na mwanamume.

Lakini urithi huo una kikomo. Hushuka hatua moja tu. Tuchukue mfano. Mama wa Kyela anavuka mto na kujifungua binti Karonga. Binti huyo ni raia wa Tanzania kwa kurithi. Akikua, akiolewa na Mmalawi na kujifungulia hukohuko Karonga, mtoto wake hatapata uraia wa Tanzania kwa njia hiyo. Mnyororo umekatika. Lakini kama yule binti angezaliwa Kyela, angekuwa raia kwa kuzaliwa, naye angeweza kumrithisha mtoto wake popote atakapojifungulia. Kwa hiyo mahali unapojifungulia si jambo dogo. Linamgusa mjukuu ambaye bado hujamwona.

Jambo jingine ni uraia wa nchi mbili. Malawi nayo humhesabu mtoto wa raia wake. Basi mtoto wa baba wa Kyela na mama wa Karonga anaweza kuwa na haki pande zote mbili akiwa mdogo. Tanzania haikubali mtu mzima awe raia wa nchi mbili. Akifika miaka 18 imempasa kuchagua, na akitaka kubaki Mtanzania ni lazima aukane ule uraia mwingine kwa utaratibu uliowekwa. Mzazi mwenye busara hamfichi mtoto jambo hili mpaka wakati upite.

Wewe uliyetoka ng'ambo

Wapo wasomaji wetu waliozaliwa Malawi wakaolewa huku. Wamezaa, wamelima, wamezika wakwe, na kijiji kizima kinawajua kuwa ni wake wa hapa. Dada yangu, kujulikana na kijiji ni kitu kizuri, lakini ndoa peke yake haikufanyi raia wa Tanzania. Sheria inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wakati wowote katika uhai wa mumewe. Soma tena maneno hayo: katika uhai wa mumewe. Ukingoja mpaka awe marehemu, mlango huo wa wake za raia utakuwa umefungwa, na itakubidi upitie njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Hapo ndipo mjane hujikuta anaulizwa uraia katika siku zilezile anazoulizwa habari ya nyumba na shamba. Zungumzeni na mumeo mapema, jioni moja tulivu baada ya chakula. Wala si kumtakia kifo. Ni kuitunza nyumba yenu.

Na wewe uliyezaliwa huku ukaolewa na mtu wa nchi nyingine, usidanganywe kwamba kwa kuolewa umepoteza nchi yako. Kuolewa tu hakukuondolei uraia wa Tanzania. Unaupoteza ukiwa mtu mzima na kuchukua kwa hiari yako uraia wa nchi nyingine.

Damu haisemi, karatasi husema

Mambo haya si yetu peke yetu. Huko Ulaya iko nchi ya Ireland, kisiwa ambacho watu wake wengi walihama kwa njaa na umaskini wakaenda Uingereza, Marekani na Australia. Sheria yao inasema kwamba mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa cha Ireland anaweza kuomba kuandikishwa katika daftari la waliozaliwa ng'ambo, na akiandikishwa anakuwa raia. Baada ya Waingereza kupiga kura mwaka 2016 kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wengi wao walikumbuka ghafla kwamba bibi yao alikuwa wa Ireland!

Lakini hakuna aliyepewa kwa kusema tu, "Bibi yangu alikuwa wa huko." Mwombaji hutakiwa kuleta vyeti vya vizazi vitatu: cheti cha kuzaliwa cha bibi na cheti chake cha ndoa, kisha vya mzazi, kisha chake mwenyewe. Jina la bibi likibadilika kwa kuolewa, cheti cha ndoa ndicho kinachounganisha jina la zamani na jipya. Pete moja ikikosekana, mnyororo haushiki. Nao wana kikomo chao: aliye mbali zaidi, ambaye ni babu wa mzazi wake aliyezaliwa huko, hapati kitu ila mzazi wake awe alijiandikisha kabla yeye hajazaliwa.

Watu wa Ireland wana nafuu moja. Vizazi vyote vimeandikwa katika daftari za serikali yao tangu mwaka 1864. Hata hivyo, mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin iliungua na kumbukumbu nyingi za kale zikateketea. Tangu hapo wanaotafuta mambo ya kale zaidi huzitegemea sana daftari za ubatizo za parokia.

Hapo sisi tunafanana nao. Wakati wa ukoloni, sheria za Tanganyika na Nyasaland hazikuwalazimisha Waafrika kuandikisha vizazi vyao. Kwa hiyo bibi zetu wengi hawana cheti cha serikali. Lakini wengi walibatizwa. Wamoravian na Walutheri walifika upande wetu mwaka 1891, na Waskoti wa Livingstonia walikuwa upande wa pili. Walikuwa watu wa kuandika. Jina la mtoto, jina la baba na mama, kijiji na tarehe vinaweza kuwa vimelala katika kitabu cha kanisa hadi leo. Cheti cha ubatizo kimewasaidia wengi katika kuandikisha kizazi kilichochelewa, pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kumaliza shule ya msingi.

Fanya haya wakati wazee wapo

Kwanza, waulize wazee. Chukua daftari la shule, andika majina kamili ya bibi na babu wa pande zote mbili, kijiji alichozaliwa kila mmoja, mwaka, na mahali walipofunga ndoa. "Mama Tumaini" si jina la kwenye cheti. Andika jina la ubatizo, jina la baba yake, na jina alilotumia baada ya kuolewa.

Pili, angalia tahajia. Jina moja laweza kuandikwa namna moja Kyela na namna nyingine Karonga, na herufi moja inatosha kukurudisha nyumbani. Kumbuka pia kwamba Kyela ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na Malawi iliitwa Nyasaland mpaka mwaka 1964. Karatasi ya zamani yenye majina hayo haina kosa.

Tatu, waandikishe watoto wadogo sasa hivi. Tangu mwaka 2013 mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo ulianza katika Mkoa wetu wa Mbeya kabla ya kuenea mikoa mingine. Cheti hutolewa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Ukijifungulia ng'ambo, usirudi na mtoto mgongoni tu. Rudi na karatasi ya hospitali na cheti cha huko, na weka nakala za vyeti vya wazazi wote wawili.

Nne, tunza. Panya, mchwa na mafuriko ni adui za ukoo. Funga karatasi katika mfuko wa nailoni, ziweke juu mahali pasipofikiwa na maji, na nakala yake impe ndugu anayeishi mlimani.

Tano, sema kweli. Wapo wanaomfundisha mtoto kuficha kwamba bibi yake ni wa Karonga, wakidhani watamsaidia. Hawamsaidii. Bibi wa Karonga hamfanyi mjukuu kuwa mgeni, maana kwa mtoto wa leo sheria huanza kumtazama mzazi. Uongo ndio unaomfanya aonekane mgeni, kwa sababu siku maelezo ya kaka yakipishana na ya dada, wote wawili watashukiwa. Tena kutoa maelezo ya uongo ili kupata uraia ni kosa la jinai. Na kumkana bibi aliyekulea kwa sababu ya fomu ni kumfundisha mtoto kwamba wazazi ni kitu cha kutupwa kinapoleta taabu.

Akina mama wenzangu, mali tuliyo nayo si nyingi. Mpunga unaliwa, kokoa inauzwa, nyumba inachakaa. Lakini daftari lenye majina ya wazee na mfuko wenye vyeti vyao ni urithi ambao hata mama asiye na shamba anaweza kuuacha. Kama mama mkwe wako bado yu hai, mtembelee juma hili. Mpelekee sukari kidogo, kaa naye kivulini, na umwulize taratibu: "Mama, wewe ulizaliwa wapi?"

Kisha uandike.