Kerneli ikikukatalia poti, msikilize kwanza

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wala si kwa sababu ya kazi. Kuna jambo nililoona haya kuliandika. Juzi kijana mmoja aliyetoka chuoni hivi karibuni aliniuliza kwa nini Linux "inamsumbua" anapotaka programu yake iwashe taa kupitia poti ya printa. Alitaka nimpe njia ya mkato. Njia hiyo naijua vizuri sana. Iliwahi kuniharibia mayai 264.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2022 mzee mmoja mfugaji wa kuku, upande wa Limuru, aliniita. Mashine yake ya kuangulia vifaranga ilikuwa ikiendeshwa na tarakilishi kongwe yenye Windows 98, na tarakilishi hiyo ilikuwa imekufa. Programu yenyewe iliandikwa na mtu ambaye hapatikani tena. Kazi yake si ngumu: inasoma joto, na likishuka chini ya nyuzi 37.5 inaandika namba kwenye poti ya printa, rilei inashika, hita inawaka. Nikampatia mzee tarakilishi ya mtumba yenye poti hiyo, nikaiwekea Windows XP (najua, najua, XP iliacha kupata masasisho Aprili 2014, lakini haikuwa kwenye mtandao na programu ilikuwa ya zamani). Nikaiwasha programu. Ikaanguka papo hapo na ujumbe wa amri isiyoruhusiwa.

Hapa nieleze kidogo kilichotokea, maana hata wenye digrii kama mimi hukipita haraka.

Poti ninazozungumzia si tundu lile unalochomeka kebo. (Kuna wanaotafsiri "bandari", lakini mimi nikisikia bandari naona Kilindini, kwa hiyo nabaki na poti.) Kwenye prosesa za ukoo wa Intel, poti ni namba. Zipo 65,536, na kila kifaa cha zamani kina zake: kibodi iko 0x60 na 0x64, saa ya ubaoni 0x70 na 0x71, poti ya printa kwa kawaida huanzia 0x378. Programu ikitaka kuongea na kifaa inatumia amri mbili tu, IN ya kusoma na OUT ya kuandika. Enzi za DOS yeyote aliweza kuzitumia. Windows 95 na 98 zilizuia zile poti tu ambazo draiva fulani ilikuwa imezidai, nyingine zikapita bila kuulizwa. Ndiyo maana programu ya mzee ilizoea kujichukulia.

Wengi hudhani kerneli inachungulia kila amri ya programu kama askari wa lango. Haiwezi, kwa sababu programu yako inapokimbia kerneli haikimbii kwenye prosesa hiyo. Anayekataa ni prosesa yenyewe. Kerneli humwachia maagizo mapema, na maagizo hayo yako sehemu mbili. Ya kwanza ni biti mbili zinazosema ni ngazi gani ya mamlaka inaweza kugusa poti zote. Hizi zilikuja na 80286 mwaka 1982. Ya pili ililetwa na 80386 mwaka 1985: jedwali lenye biti moja kwa kila poti. Biti ikiwa 0, pita. Ikiwa 1, simama. Piga hesabu mwenyewe: poti 65,536 ni biti 65,536, yaani baiti 8,192. Programu ya kawaida ikitoa amri ya OUT bila ngazi inayotosha, prosesa anaangalia jedwali, anakuta 1, anasimamisha kila kitu na kuiamsha kerneli: huyu hapa, amejaribu. Kerneli ndiyo inayoamua adhabu. Kwenye Linux programu huuawa kwa kosa lile lile la kugusa kumbukumbu isiyo yako.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho watu wamekuwa wakifanya tangu miaka ya tisini. Mwaka 1996 Dale Roberts alieleza katika jarida la Dr. Dobb's jinsi draiva ndogo ndani ya Windows NT inavyoweza kujaza sufuri kwenye jedwali lile na kuifungulia programu milango yote. Ni makala safi na mwandishi hakuficha hatari zake. Wa kulaumiwa ni sisi tuliochukua mbinu na kuacha maonyo. Niliweka draiva ya aina hiyo, rilei ikalia "tak", hita ikawaka, mzee akanipa chai na mkate. Nilimwambia kerneli za siku hizi zina maringo tu.

Vifaranga huanguliwa siku ya 21. Siku ya 17 jioni mjukuu wake alichomeka printa ili achape kazi ya shule. Mfumo ukafanya kazi yake halali, ukatafuta printa kila mahali, pamoja na ile poti ya zamani. Kwa mujibu wa vitabu vya kerneli, poti ile haikuwa na mtu. Draiva ya mfumo ikaigusa na kuiacha na sufuri. Rilei ikaachia, hita ikazima. Programu ya mzee yenyewe huandika pale tu inapobadili uamuzi. Ilikwisha kuandika "washa", kwa hiyo iliendelea kuamini hita inawaka huku joto likishuka usiku kucha. Na Limuru usiku si mahali pa mzaha.

Sikujua haya siku ile. Niliyajua baada ya kuchomeka taa nane za LED kwenye poti ya mashine nyingine yenye mpangilio ule ule na kuanza kutafuta printa. Taa zilicheza bila programu yangu kufanya lolote.

Kwa hiyo ninaposema kerneli ina haki ya kukukatalia, simaanishi kwamba wewe ni mhalifu. Watu wakitetea ulinzi huu hukimbilia virusi, na mifano ipo. CIH ya mwaka 1998 ilitumia ulegevu wa Windows 95 na 98 kujipenyeza hadi ngazi ya kerneli, na tarehe 26 Aprili 1999 ikafuta diski na kuandika takataka ndani ya chipu za BIOS. Kuna mashine ambazo hazikuwaka tena hadi chipu ibadilishwe. Kwenye Windows NT haikufua dafu. Lakini kwa mzee hapakuwa na kirusi wala mtu mbaya. Palikuwa na programu mbili, zote zikifanya kazi halali, na kifaa kimoja. Kerneli inataka upite kwake kwa sababu ndiye pekee anayejua nani mwingine anakitumia. Ukimzunguka unamfanya kipofu, naye atakukanyaga bila kujua.

Hili ndilo nililomjibu yule kijana, ambaye tayari alikuwa amesoma kuhusu ioperm na kudhani amepata suluhisho. Kwenye Linux, ioperm(0x378, 3, 1) inakufungulia poti tatu tu kati ya zile 65,536. Unahitaji mamlaka ya root kuiita, kisha unaweza kuyaacha na kubaki na poti zako tatu. Ni bora mara elfu kuliko kufungua zote. Ni bora pia kuliko nduguye iopl, ambayo zamani iliiwezesha programu hata kuzima ishara za kukatiza na kuigandisha mashine. Tangu toleo 5.5 la mwaka 2020 nguvu hiyo imeondolewa. Lakini ioperm ni ruhusa ya kupita, haikupi zamu. Haiulizi kama kuna draiva inayotumia poti ile ile. Kosa langu la Limuru lingeweza kutokea tena juu yake.

Njia ninayoipenda sasa ni /dev/parport0. Unafungua faili, unaomba poti, kerneli inakupa zamu au inakuambia ungoje. Ni polepole kidogo kuliko OUT ya moja kwa moja, na kwa hita ya mayai hilo halina maana yoyote.

Kuna upande mwingine ambao sitaki kuuficha. Tangu Linux 5.4 ya mwaka 2019 kuna hali ya kufunga kerneli ambayo humnyima hata root ioperm na iopl. Usambazaji kadhaa huiwasha yenyewe Secure Boot ikiwa imewashwa. Kwa seva ya benki naielewa. Kwa mtu mwenye mashine moja mezani na waya mkononi, inaudhi, na sipendi mwelekeo wa kumfanya mwenye nyumba agonge mlango wake mwenyewe. Naikubali kwa sharti moja tu: mwenye mashine abaki na uwezo wa kuizima, akiwa amekaa mbele yake, kwa kujua. Siku ambayo uwezo huo utaondolewa mtanikuta upande wa wanaolalamika, tena mbele.

Wengine watasema haya ni ya makumbusho, kwamba siku hizi ni ARM na USB. Kweli, ARM haina poti za namna hii. Vifaa vinakaa kwenye anwani za kumbukumbu, na ulinzi ni ule wa kurasa za kumbukumbu. Swali ni lile lile. Raspberry Pi ina /dev/gpiomem, inayokupa pini za GPIO pekee bila kukupa kumbukumbu yote ya mashine. Bado nakuta vijana wanaendesha kila kitu kwa sudo kwa sababu mafunzo waliyosoma yalianza hivyo.

Mzee nilimlipa mayai, ingawa alikataa mara mbili. Niliandika programu upya, mistari isiyofika mia mbili, juu ya Debian. Inaomba poti yote kwa ajili yake peke yake, na inaandika hali ya hita kila sekunde tano hata kama uamuzi haujabadilika. Printa ya mjukuu ilihamia mashine nyingine. Jumapili iliyopita mzee alinipigia kuuliza kama naweza kumwongezea king'ora cha joto likishuka. Nimehesabu, nina pini tano za data zilizo wazi.