Aliyeileta Siasa Uwanjani

Mwandishi mmoja adai kwamba shabiki wa mpira wa vyuo hapa Kwale asinene siasa uwanjani, kwani mchezo ni burudani na umaskini hauhusiani na mabao. Hauhusiani! Kijana wa Msambweni, ambaye babu yake aliachishwa kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, na babaye mgodi wa titani ulipositisha uchimbaji Desemba 2024, aingia kiwanjani na kiatu kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Huyo mwandishi na ashindie uji mtupu, kisha akimbie dakika 90.

Dhaifu kupita zote ni hoja yake kwamba wanasiasa hawaugusi mpira. Jezi zenye picha ya mgombea, zigawiwazo Ukunda kila msimu wa kura ilhali karo haijalipwa, zashonwa na majini? Mgombea ndiye aliyeileta siasa uwanjani, nasi twamjibia papo hapo.