Kutunza koko haiko kazi ya dada mumoja



Leo hatuandike juu ya barabara wala juu ya mayi. Tunaandika juu ya kosa letu sisi wenyewe.

Katika kundi letu hapa Goma kulikuwa dada mumoja. Alikuwa anafika ku mukutano mbele ya wote, na njo yeye alikuwa anaandika yote tuliyosema. Kisha akaanza kukosa: mara ya kwanza, mara ya pili, mwezi muzima. Tukasema: "Huyu ameshaacha mapambano." Wengine walicheka. Lakini mudogo wake wa kiume alikuwa anakuja kila siku ya posho, anaongea muzuri juu ya haki na usawa, na sisi tunapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza: dada yako yuko wapi?

Siku tulienda kwao, tukamukuta anamulisha koko yao, kijiko kwa kijiko. Koko ana ugonjwa wa Parkinson. Usiku alikuwa amemugeuza mara tatu, juu mwili unakakamaa na koko hawezi kujigeuza peke yake. Asubui alichota mayi, akamuogesha, akafua mashuka. Masomo yake ya iniversite aliyasimamisha. Wakati mudogo wake anatuhubiria usawa, yeye alikuwa anafanya kazi ya watu wane. Tulipata haya.

Tunajua jibu la watu wengi: "Kutunza muzazi haiko kazi, ni upendo." Sisi tunasema ni upendo, na ni kazi pia. Ina saa zake, ina uchovu wake, inaumiza mugongo. Na kila mara inaangukia mutu mumoja, karibu kila mara musichana, bila kumuuliza.

Kwanza tuache uongo. Parkinson haiko ulozi. Ni ugonjwa wa ubongo, na munganga James Parkinson aliuandika tangu mwaka 1817. Chembe za ubongo zenye kutoa dopamini zinakufa pole pole, njo maana mikono inatetemeka, hatua zinakuwa fupi, sauti inashuka, uso haucheki tena. Koko asipocheka, haiko kwamba amekasirika. Ugonjwa hauambukize. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu zaidi ya milioni 8,5 wanaishi nao. Basi anayemuita muzee mulozi juu ya kutetemeka, tumukatalie pale pale, hata kama ni jirani, hata kama ni muhubiri. Hapa kwetu neno hilo linaua.

Kisha tujipange. Ile familia ilikaa chini, na koko mwenyewe akiwa katikati. Alipoulizwa anataka nini, alijibu kwa sauti ndogo: muoga amuogeshe mwanamuke, na asiachwe peke yake mangaribi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mbele.

Waligawanya siku. Mudogo wa kiume alichukua usiku tatu kwa juma, na mayi yote. Shangazi alichukua siku ya Mungu. Ndugu walio mbali wanatuma pesa ku simu, kila mutu kiasi alichokubali, na hiyo pesa inalipa mama jirani anayekuja asubui. Saa zake na mushahara wake viliandikwa, juu yeye naye ni mutu wa kazi, haiko mutumwa.

Walifungua kayee moja: saa ya dawa, alikula nini, alianguka ao hapana. Dawa inayoitwa levodopa haiponyeshe, lakini inarudisha mwendo, na inataka saa yake kamili. Mara nyingi wanashauri kuimeza nusu saa mbele ya chakula, juu nyama, samaki na maharagi vinaweza kupunguza nguvu yake. Haiachwe gafla bila munganga. Chakula kiwe laini, na koko akae wima wakati anakula, asipaliwe. Miguu ikigoma mulangoni, usimuvute: muhesabie "moja, mbili", ao muonyeshe mustari chini auruke. Toa mukeka unaojikunja. Ku muji wetu wa mawe ya volkano, kuanguka mara moja tu kunaweza kuvunja mufupa.

Dada yule amerudia masomo. Haiko siku zote, lakini amerudia.

Sasa, hatutaki serkali ijifiche nyuma ya familia. Katiba ya mwaka 2006, kipengele cha 49, inasema mutu mwenye uzee ana haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake. Levodopa iko ku orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo tunadai: ipatikane katika zone za afya kwa bei ambayo mutu wa kawaida anaweza, waforomo wafundishwe kutambua huu ugonjwa, na wale wajitolea wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba juu ya chanjo, wapite pia kwa wazee. Tangu Januari 2025 muji uko mikononi mwa M23, banki zilifunga, na kila upande unasema wengine njo wenye kosa. Koko hawezi kungojea wamalize kubishana. Mwenye kushika muji ameshika na wazee wake, na Kinshasa haijaachiliwa deni lake.

Lakini hatuwezi kudai haki ku barabara huku tunaiiba nyumbani. Siku ya posho inayokuja, mbele ya kuanza mukutano, kila mumoja wetu, zaidi sisi wanaume, atajibu swali moja: kwenu, nani aliamuka usiku?