Kwa Nini Mstari wa Nuru Hunenepa

Kijana mmoja ametuletea swali ambalo kwa wengine litaonekana dogo. Asema: taa mbili za barabarani zote hutumia mvuke wa sodiamu, mbona chini ya moja nguo nyekundu na nguo ya kijani hazipambanuki, na chini ya nyingine hupambanuka? Swali hili ni kubwa kuliko taa zenyewe.

Yapasa ijulikane kwanza kwamba hewa au mvuke ukitiwa umeme hautoi rangi zote kama kaa la moto. Kila kitu kina rangi zake maalumu, na nuru yake ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu huonekana kama mistari iliyotengana. Sodiamu ina mistari miwili ya manjano iliyokaribiana mno, mmoja katika nanomita 589.0 na wa pili katika 589.6, na nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Mistari hiyo hiyo Joseph Fraunhofer wa Ujerumani aliiona mwaka 1814 katika nuru ya jua, ikiwa myeusi.

Basi taa ya kwanza, iliyoanza kuangaza barabara za Uholanzi mwaka 1932, ina mvuke mchache mno wa sodiamu. Atomu zake hukutana kwa nadra, na mistari hubaki myembamba. Hapana ila manjano. Taa ya pili, iliyotoka Marekani katika miaka ya 1960, mvuke wake una kanieneo, yaani mbano, maelfu ya mara zaidi. Humo atomu hugongana pasi na kupumzika, na mistari hunenepa hata nuru ikaenea upande wa wekundu na upande wa kijani.

Lakini kugongana kuna nini hata kupanue rangi? Mtoto chuoni avutapo madda kwa pumzi moja, sauti yake hutulia mahali pamoja, na msikilizaji hujua ni ya juu kiasi gani. Mwenziwe akimsukuma bega kila mara (na sisi wasomeshaji twawajua wasukumaji), sauti hukatika vipande vifupi, na kipande kifupi hakikadiriki. Wala ila si ya sikio. Wimbi fupi lenyewe halina kiwango kimoja, bali ni mchanganyiko wa viwango vingi vilivyo jirani. Nuru ya atomu nayo ni wimbi, na mgongano hulikata. Hendrik Lorentz wa Uholanzi alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1906: migongano ikizidi maradufu, upana nao huzidi maradufu, na mstari huwa na kilele katikati na mabawa marefu yanayopungua polepole pande zote mbili.

Ajabu ni kwamba si kila mgongano hunenepesha. Atomu ikija upande wetu wimbi lake hubanwa kidogo, ikienda mbali hunyooka, na kwa hiyo mstari hupanuka hata pasipo kugongana. Mwaka 1953 Robert Dicke wa Marekani alionyesha kwamba migongano inayoigeuza njia mara kwa mara bila ya kulikata wimbi lake huufanya mwendo wa kwenda na kurudi ufutane, na mstari hukonda.

Haya si mambo ya taa peke yake. Hewa ya karibu na ardhi imebanwa, na mistari ya kaboni dioksaidi huko ni minene. Juu angani ni myembamba. Mstari mmoja utazamwao kutoka juu hukusanya habari za tabaka zote. Setilaiti ya OCO-2, iliyorushwa na Marekani mwaka 2014, hutazama nuru ya jua iliyorudishwa na ardhi, na shabaha yake ni kupambanua tofauti ya sehemu moja tu ya kaboni dioksaidi katika milioni ya hewa. Umbo la mstari likikosewa kidogo, hesabu yote huharibika, na nchi yaweza kudhaniwa kuwa inaitoa hewa hiyo kumbe inaimeza.

Kwa hiyo wataalamu hukaa maabarani wakipima upana wa mstari mmoja mmoja, kwa kanieneo na joto linalojulikana. Na hawakosi kuuliza ni nani aliyegonga: molekuli ya mvuke wa maji hunenepesha mistari ya kaboni dioksaidi kuliko ya naitrojeni, ndiyo maana hewa yenye unyevu mwingi, kama ya mwambao wetu, hupewa hesabu yake.